M50 na lenzi za EF-M: niendelee nazo au nianze kuhama?

Zabibu_Moja

Mbukwenyi wakuu. Naomba ushauri wa kiufundi, ubishi wa Canon na Sony tuuache kwenye uzi mwingine.

Vifaa vilivyopo: Canon EOS M50 moja (ile ya kwanza, ya 2018), 15-45 iliyokuja nayo, 22mm f/2, Sigma 30mm f/1.4 ya EF-M, betri tatu za LP-E12 (moja orijino), flashi ya Godox TT600 na maiki ya kupachika juu. Kazi ni send-off na kipaimara za ukumbini, mahafali pale ukumbi wa Chimwaga hapa Dodoma, video fupi za wenye maduka, na ibada za laivu mara mojamoja. Video nyingi ni 1080p.

Canon imeshaacha kutengeneza kamera za M, na lenzi za EF-M zinakaa kwenye M tu. Sasa kuna mtu anauza Sigma 56mm f/1.4 na 16mm f/1.4, zote za EF-M, bei imeshuka kweli. Bajeti ni laki nane. Maswali:

1. Nichukue hizo lenzi au nitakuwa natupa hela kwenye mfumo uliokufa?
2. Kuna adapta ya kupeleka lenzi za EF-M kwenye kamera za R, zile mpya za Canon zenye mdomo wa RF?
3. Bodi ni moja tu na msimu wa vumbi ndio huu. Niitunzeje isinikatike katikati ya kazi?

Fundi_Kizota

Naanza na la pili, maana ndilo linaloamua mengine. Hakuna, na usiisubiri.

Kila maunti (mdomo wa kamera unaoshika lenzi) ina umbali wake kutoka kwenye bati la mdomo hadi kwenye sensa. EF ya DSLR (kamera za zamani zenye kioo ndani) ni milimita 44, EF-M ni 18, RF ni 20. Adapta ni bomba la kujaza pengo. Ukileta lenzi ya EF kwenye M50 unajaza 44 kutoa 18, yaani milimita 26 za bomba tupu lenye nyaya. Ndani hamna kioo hata kimoja, kwa hiyo ubora wa picha unabaki uleule. Lenzi hiyohiyo ukiipeleka kwenye R unajaza 24. Sasa chukua EF-M uipeleke R: 18 kutoa 20. Hapo unatafuta bomba lenye urefu wa hasi milimita 2, na lenzi ingebidi izame ndani ya bodi.

Ukilazimisha ikae juu ya mdomo wa RF, itakuwa imesogea mbele milimita 2 kuliko inavyotakiwa. Unaweza kuona ni kidogo, ila piga hesabu: 22mm mwisho wake wa kuona vizuri utakuwa kama sentimita 26 mbele yake, 56mm utaishia kama mita 1.6. Mwali akiwa jukwaani ni ukungu mtupu. Kuongezea hapo, lenzi hizi ringi yake ya fokasi haishiki gia yoyote, inatuma ishara tu kwa mota, na tundu la mwanga nalo linaendeshwa kwa umeme. Bila mawasiliano na bodi huwezi hata kuzungusha kwa mkono.

Kwa hiyo ukiona tangazo la adapta ya EF-M kwenda RF, muulize muuzaji kitu kimoja tu: inafokasi infiniti, yaani vitu vya mbali?

Ipagala_85

Fundi kamaliza la adapta. Ila mkuu Zabibu, angalia hesabu ile kwa upande wa pili: EF inaenda pande zote mbili. Inakaa kwenye M50 leo kwa adapta ya EF-EOS M, na kesho inakaa kwenye R yoyote kwa adapta ya EF-EOS R, autofokasi ikiwa nzima. EF-M inaishia hapohapo ilipo. Basi gawa matumizi yako mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyohama: lenzi za EF, flashi, taa, stendi, maiki, kadi. Hapa weka hela bila woga. Fungu la pili ni vitu vinavyokufa na M: lenzi za EF-M, na betri kwa kiasi fulani. Hapa weka hela pale tu ambapo kazi chache za karibuni zitairudisha.

Kwa kipimo hicho 56mm inapita na 16mm haipiti. Sababu ni ukumbi. 15-45 yako ukivuta hadi 45 inabaki f/6.3 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Ile 56 kwa f/1.4 inaingiza mwanga mara 20 hivi zaidi. Kwenye ukumbi wenye taa za rangi na giza nyuma, hiyo ndiyo tofauti kati ya ISO (usikivu wa sensa) 1600 na ISO 25600 isiyofaa hata kwa WhatsApp. Kwenye sensa ya M50 56mm inaona kama 90mm, unapata uso wa mwali na wa mama yake bila kuwasogelea na kuwakinga wageni. 16mm ni ya mapambo na meza kuu, na hiyo kazi 15-45 inafanya ukiwa na flashi ya kupiga darini.

Kama dari ni la turubai jeusi au liko juu sana, kuidunda flashi ni kupoteza betri.

Njia mbadala ya 56 ni EF 50mm f/1.8 STM pamoja na adapta. Ni lenzi ndogo, mota yake ya fokasi ya STM haipigi kelele kubwa kwenye maiki, filta ni 49mm sawa na ya 15-45 yako, na siku ukihama unaondoka nayo. Ukitaka kuikamua zaidi kuna adapta ya Viltrox EF-EOS M2 ya 0.71x, ambayo wengi tunaiita spidi busta. Hiyo ina vioo ndani. Inageuza 50mm f/1.8 kuwa kama 35mm f/1.3. Masharti yake mawili: tumia lenzi za EF za sensa kubwa tu, EF-S (za sensa ndogo) hapana, itakuletea kona nyeusi au isikae kabisa, na ina tundu la USB la kusasisha programu yake ya ndani, kwa hiyo autofokasi ikianza kusitasita anzia hapo kabla hujamlaumu fundi.

Za EF zenye maana kwa kazi zako, kwa mpangilio wa kununua: 50mm f/1.8 STM, EF-S 10-18 STM ya upana (hii badala ya Sigma 16, na kwa adapta ya kawaida, siyo busta), kisha EF-S 55-250 STM kwa mahafali ya uwanjani. Zile za zamani zenye mota ya USM, mfano 85mm f/1.8, ni nzuri sana kwa picha, ila kwenye video fokasi yake inaruka kwa kishindo na maiki ya juu inasikia.

BahiRoad

Mimi nitawapinga wote wawili kidogo. Uza sasa.

EF-M ilianza 2012. Canon yenyewe imetengeneza lenzi nane tu kwa mfumo huo, na toka R7 na R10 zilipotoka 2022 ikiwa na sensa ya ukubwa uleule, M haikuwa na sababu ya kuwepo. Kila mwaka unaopita wanunuzi wa EF-M wanapungua. Leo bado kuna kijana anaanza YouTube ataichukua M50 na 22mm kwa moyo mweupe. Ukingoja bodi ife kwanza, utabaki na lenzi tatu nzuri zisizo na pa kukaa, na hapo mnunuzi ndiye atakayepanga bei.

Na R50, bodi ya R yenye sensa ya ukubwa huohuo, siyo mwendo wa kobe. 4K ya M50 inakatwa: upana wa sensa unapungua tena mara 1.6 hivi, 15mm yako inageuka kama 38mm, na autofokasi ile nzuri inazima kabisa kwenye 4K. R50 inatoa 4K ya 30 kwa upana wote, autofokasi ikifanya kazi. Sigma nao toka 2024 wameanza kutoa lenzi za autofokasi za RF, 16, 30 na 56 zikiwemo. Zilezile unazozitamani.

Ipagala_85

BahiRoad, nakubali kuhusu soko. Lakini mwambie na gharama za pembeni, maana laki nane haitoshi kuhama. R50 inatumia LP-E17, kwa hiyo betri zake tatu na chaja havina kazi tena. Kiatu cha flashi cha R50 ni cha aina mpya. Ile TT600 haitawaka mpaka ununue adapta ya AD-E1. Lenzi inayokuja nayo, RF-S 18-45, ni f/4.5-6.3, yaani ukumbini ana giza zaidi ya alilonalo sasa. Akiuza 22 na 30 ili apate R50 na 18-45, atakuwa amenunua menyu mpya na kupoteza mwanga. R10 kiatu chake kinapokea flashi za kawaida, ila bei ni nyingine.

Na anasema video zake ni 1080p. Hapo M50 haina tatizo, autofokasi yake inafanya kazi kikamilifu kwenye 1080p. Mkuu, hakikisha tu kamera iko PAL, fremu 25 au 50 kwa sekunde, na shata iwe 1/50 au 1/100. Umeme wetu ni hezi 50. Ukiacha NTSC na 1/60 taa za ukumbi zitakuchorea mistari inayopanda na kushuka, kisha mtu anadhani sensa imekufa.

BahiRoad

Hilo la kiatu sawa, nilikuwa nimelipitia. Bado nasema 16mm asiiguse.

Fundi_Kizota

Sasa swali la tatu. M50 hufa kwa vitu vinavyojulikana, na sensa yenyewe mara nyingi haimo.

Cha kwanza ni utepe wa nyaya wa skrini ya kugeuka. Unapita kwenye bawaba, na kila ukizungusha unajikunja. Ukianza kuchoka, skrini inazima ikifika pembe fulani halafu inawaka ukiirudisha. Ukiona hivyo acha kuizungusha, tumia kioo cha jicho hadi umpate fundi. Utepe unabadilishwa, bodi haina haja ya kutupwa. Usiibebe kamera kwa kushika skrini, na usiache watoto wa ukumbini waigeuze wajione.

Cha pili ni tundu la HDMI. Ni lile dogo kabisa, limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya umeme. Kebo nzito ikining'inia saa tatu za ibada, siku moja mtu akiikanyaga inang'oa na njia zake. Tumia kebo nyembamba fupi, uifunge kwenye fremu ya chuma au hata kwenye stendi kwa kamba ya plastiki ili uzito usifike kwenye tundu.

Cha tatu, mlango wa chini. Betri na kadi vinatokea chini, na bati la stendi linauziba. Watu wanaufungua mlango kabla bati halijatoka, klipu inavunjika, na kamera ikidhani mlango uko wazi haiwaki. Tafuta bati dogo lisilofika kwenye mlango.

Cha nne, Err 01. Ujumbe huo maana yake bodi na lenzi hazielewani. Zima, toa lenzi, futa migusano ya dhahabu pande zote kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ikirudi ukiwa na 15-45 tu na lenzi nyingine haileti, tatizo ni la lenzi. Ile inakunjwa na kukunjuliwa kila siku na mdomo wake ni wa plastiki, haikutengenezwa kwa kupigwapigwa. Usihangaike kuitengeneza, weka hiyo hela kwenye 50.

Vumbi. Dodoma kiangazi, toka Mei mpaka Novemba, upepo unabeba ule udongo mwekundu mpaka ndani ya begi lililofungwa zipu. M50 haina kioo wala shata inayoziba ukiizima, kwa hiyo ukitoa lenzi sensa inakutazama. Badilisha lenzi ndani ya gari, madirisha yamefungwa na feni imezimwa, mdomo wa kamera ukiangalia chini, lenzi nyingine ikiwa tayari mkononi, kifuniko chake cha nyuma kimelegezwa. Kwenye uwanja wa mahafali, acha kabisa. Weka lenzi moja asubuhi ubaki nayo.

Kupima: ISO 100, f/22, fokasi ya mkono isiyo kali, piga ukuta mweupe au anga, kisha kuza picha uipitie kona hadi kona. Madoa yanayobaki palepale kila picha yako kwenye sensa. Ukiyaona kwenye kioo cha jicho tu, ni ya kioo cha jicho.

Kusafisha: zima kamera, betri iwe imejaa, mdomo chini, puliza kwa mpira wa mkono mara kumi hivi. Siyo kwa mdomo wako, mate ni mabaya kuliko vumbi, wala siyo kwa kopo la hewa, hilo linatema majimaji ya baridi. Pima tena. Yakibaki, chukua swabu ya milimita 16 (sensa ina urefu wa 14.9, inafunika mara moja), matone mawili ya dawa ya sensa, subiri ienee, pitisha upande mmoja kutoka kushoto hadi kulia bila kunyanyua, geuza swabu, rudi. Basi, itupe. Ukiirudia swabu ileile unasaga mchanga juu ya kioo. Na usianze na swabu kabla ya kupuliza, mchanga wa huku una chembe ngumu, utachora.

Zabibu_Moja

Nawashukuru wakuu, 16mm naiacha. Mawili ya mwisho: hiyo 56 inatoka Dar, nikaguaje nikiishika? Na kwa laivu betri hazimalizi ibada.

Ipagala_85

La betri ni jepesi. LP-E12 ya orijino ni 875 mAh tu, na M50 haichaji kwa USB. Nunua betri bandia ya mtindo wa DR-E12: ina umbo la betri, waya unatokea kwenye kijitundu chenye mpira pembeni ya mlango. Ya kuchomeka ukutani ni salama zaidi. Ya USB inahitaji pawa benki inayotoa volti 5 kwa ampea 3 za kweli. Ikiwa dhaifu kamera inazima ghafla pale unapoanza kurekodi, siyo unapowasha, ndiyo maana watu wanadanganyika wakiijaribu dukani. Faida ya pawa benki ni umeme ukikatika. Weka kuzima kwa kamera yenyewe kuwe "off", na kwenye HDMI chagua kutoa picha bila maandishi.

Betri za kampuni nyingine: umbo lile likiwa limeandikwa 1500 mAh, hiyo namba ni ya mapambo. Ikivimba kiasi cha kukwama ndani usiichokonoe kwa bisibisi. LP-E12 bado utazipata miaka mingi, zinatumika kwenye EOS 100D na PowerShot SX70 pia.

Fundi_Kizota

Kukagua 56: treni ya SGR inakurudisha siku hiyohiyo, nenda na bodi yako, usikubali kutumiwa kwenye basi.

Fungua tundu la mwanga, mulika kwa tochi kutoka nyuma na uangalie kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi chembe mbilitatu halina shida. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui au mizizi, hiyo ni fangasi. Lenzi iliyokaa Pwani, Tanga au Visiwani ndiyo ya kuangalia zaidi. Huku hewa ni kavu, haitaendelea kuota kwa kasi, ila alama ilizokula kwenye kioo hazifutiki.

Kisha iweke kwenye bodi. Piga ukuta wa matofali ukiwa umenyooka nao, f/1.4, halafu f/4. Kona moja ikiwa na ukungu kwenye f/4 na nyingine tatu ziko kali, iliwahi kuanguka, rudisha. Weka video ya 1080p, fokasi usoni, mtu atembee kuja kwako kutoka mita tano. Isikike mlio mdogo laini, siyo kukwaruza. Mwisho piga picha kumi f/8 mfululizo. Mwanga wa picha ukipishana, majani ya tundu yanakwama.

Na soma maandishi ya mdomo kabla ya kutoa hela. Sigma 56 ya Sony E, ya Micro Four Thirds na ya EF-M kwa nje zinafanana kama pacha.